Rusumo: Nchi tatu, kituo kimoja cha umeme

Mto Kagera, mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, huanzia katika mito miwili: Ruvubu utokao Burundi na Nyabarongo utokao Rwanda. Maji yake hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kisha huelekea Uganda na kuishia ziwani.

Azma ya kuyatumia maporomoko hayo kwa pamoja si ngeni. Agosti 1977, Burundi, Rwanda na Tanzania zilitia saini hapo hapo Rusumo mkataba wa kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981. Shirika hilo lilibebeshwa karibu kila jambo: umeme, kilimo, reli, mawasiliano, hata kupambana na mbung'o. Michango ya wanachama ilisuasua, vita vya miaka ya 1990 nchini Rwanda na Burundi vikakwamisha kazi, na mwaka 2004 likavunjwa. Kituo cha umeme kilikuwa bado hakijajengwa.

Jaribio la pili lilichukua mzigo mdogo zaidi. Chini ya Mpango wa Bonde la Nile, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1999, serikali tatu ziliunda kampuni moja yenye hisa sawa, na mwaka 2013 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 340. Mitambo ina uwezo wa megawati 80, na umeme hugawanywa mafungu matatu sawa, bila kujali ukubwa wa nchi. Kwa Tanzania fungu hilo ni dogo. Kwa Burundi, si haba hata kidogo.

Bwawa kubwa lililofikiriwa awali lingefunika mashamba na makazi mengi zaidi, hivyo likaachwa. Kituo hutegemea mtiririko wa mto wenyewe, na kiangazi kikipunguza maji, nchi zote tatu hupungukiwa.

Lisilomo katika mkataba wa umeme ni udongo. Mvua huukokota kutoka milimani Rwanda na Burundi, ukafuatana na mto hadi ziwani. Uganda, ambako Kagera humwaga maji yake, haimo katika kampuni. Wala kampuni haina mamlaka juu ya mashamba ya milimani. Suala hilo limo mikononi mwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, ambamo nchi zote nne ni wanachama. Ugumu wake uko wazi: anayetakiwa kuchimba matuta ni mkulima wa Ngozi au Muhanga, ilhali sehemu kubwa ya faida humfikia mvuvi aliye mbali naye, katika nchi nyingine.