Nyumba za Msajili: zilitoka wapi?

Wadau, ukipita Upanga au Kisutu pale Dar, hebu inua macho uangalie maghorofa ya zamani. Baadhi yana mwaka wa kujengwa juu kabisa, na pengine jina la mwenyewe wa kwanza. Jina lipo, mwenye jina hayupo. Sisi vijana tunajua tu kwamba ni nyumba za National Housing. Zilifikaje huko?

Twende taratibu. Februari 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na mabenki yakataifishwa. Nyumba za kupangisha zamu yake ilifika Aprili 1971, Bunge lilipopitisha sheria ya kutwaa majengo. Sheria hiyo ilimpa Rais uwezo wa kulitwaa jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi lililokuwa linapangishwa. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi na familia yake iliachwa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba kuishi kwa kodi ya pango ni unyonyaji.

Sasa njooni kwenye kipengele cha fidia, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe. Jengo lililokuwa limepita miaka 10 halikulipwa hata senti. Lililo chini ya hapo lililipwa sehemu tu, kulingana na umri wake. Mantiki ilikuwa kwamba miaka 10 ya kodi imesharudisha gharama za ujenzi. Kwa hiyo aliyemaliza kujenga 1960 alitoka mikono mitupu, na aliyejenga 1968 alipata chochote. Hesabu hiyo haikujali kama mtu alijenga kwa mkopo au kwa akiba ya duka la maisha yake yote.

Majengo yaliyotwaliwa yalikaribia 3,000. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini wengi walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na baada ya hapo wengi wao walihamia Uingereza na Kanada. Wapangaji, wenye maduka madogo wakiwemo, walibaki palepale ila kodi ikaanza kwenda kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962.

Mnaweza kuuliza, mbona hawakwenda mahakamani kudai haki ya mali? Jibu ni kwamba Katiba ya wakati ule haikuwa na sura ya haki za binadamu. Haki hizo ziliingizwa 1984, na Ibara ya 24 ikasema mtu asinyang'anywe mali yake bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Halafu Sheria ya Ardhi ya 1999 ikadai fidia iwe kamili, ya haki na itolewe mapema.

Mimi siwezi kusema lengo la 1971 lilikuwa baya lote. Mji uliomilikiwa na wachache ulikuwa tatizo la kweli. Ninachosema ni kwamba maumivu hayakuletwa na neno "kutwaa" peke yake, yaliletwa na hesabu ya fidia. Kwa hiyo wewe mwenye kiwanja, fundi mwenye karakana au mama mwenye mgahawa, ukisikia sheria mpya ya ardhi au barabara inapita kwako, anza kusoma kifungu cha fidia. Wanalipa nini, kwa kipimo gani, na lini?

Nawakilisha. Maoni yenu tafadhali, hasa wazee mliokuwepo.