Betri saidizi si betri ya akiba

Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa, iliyo chini ya sakafu, ndiyo inayosukuma magurudumu. Ndogo ni ya volti 12, sura yake kama ya betri ya gari lolote la petroli, na hiyo ndogo ndiyo inayotafutiwa jina. Mafundi huiita betri ndogo, na hawakosei. Wengine husema betri ya akiba. Mimi nashika betri saidizi, na napinga "akiba" kwa nguvu zote, kwa sababu jina hilo humfanya mwenye gari aache kuitunza.

Akiba ni kitu unachokiweka pembeni hadi kile kikuu kiishe. Mfikirie mwenyeji wa Rubya, mkoani Kagera, anayefanya kazi Mwanza. Desemba anakuja na gari kula sikukuu na wazee, analiacha kibanjani kwa ajili ya ujenzi atakaouendeleza likizo ijayo, kisha anarudi kazini kwa basi. Betri kubwa ameiacha na chaji ya kutosha, kwa hiyo hana wasiwasi. Akirudi baada ya miezi miwili, mlango hauitiki rimoti na dashibodi ni giza tupu, ingawa betri kubwa bado ina umeme wa kumfikisha Bukoba mjini.

Sababu yake ni hii. Betri kubwa ya Nissan Leaf ina volti 360 hivi, umeme unaoua. Gari likizimwa, swichi nzito ziitwazo kontakta huachana, ili umeme huo usitoke nje ya kasha lake. Kinachozirudisha kontakta pamoja ni volti 12 za betri ndogo, ambayo pia huendesha kompyuta, kufuli na taa. Zikishikana, kifaa cha kushusha volti huchota umeme kwenye betri kubwa na kuilisha ndogo kwa volti 14 hivi, kazi ambayo kwenye gari la petroli hufanywa na altaneta. Kubwa hailishi ndogo mpaka ndogo iiamshe kwanza.

Hapo ndipo sarufi yetu inaponiunga mkono. Katika "mama alikuwa anapalilia migomba", kitenzi kikuu ni kupalilia, lakini wakati uliopita umebebwa na kisaidizi. Ondoa "alikuwa": palizi inabaki, jana inapotea. Kisaidizi hubeba kile ambacho kikuu hakikubeba, na betri hii inafanya hivyohivyo. BAKITA, chombo kilichoundwa mwaka 1967 na chenye jukumu la kusanifisha istilahi, kingetusaidia sana kwa kuandika maana hiyo waziwazi kando ya neno.

Gari lililoegeshwa halilali kabisa. Alamu na kipokezi cha rimoti vinaendelea kunyonya umeme, na kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wengi hufunga siku hizi, huongeza mzigo. Tuseme jumla ni miliampea 50. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 huisha kwa siku 37 au 38. Gari hugoma kuwaka kabla ya hapo. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 imebaki na kama robo, na ikiachwa hivyo wiki nyingi, fuwele za salfeti hugandia bamba zake na haitajaa tena kama zamani. Leaf hujiamsha kila baada ya siku kadhaa ikaiongezea betri ndogo chaji, lakini si magari yote yana tabia hiyo. Magari mseto kama Toyota Prius na Aqua yana betri saidizi pia na yanapatwa na tatizo lilelile.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kuchomoa waya wa hasi kabla ya kuondoka, mradi ujue namna ya kufungua milango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Kama kuna mtu nyumbani, aliwashe gari kila wiki hadi neno READY litokee, aliache saa nzima. Gari mseto liwe nje, maana injini inaweza kujiwasha na moshi wake ni sumu. Paneli ya sola ya wati 10 yenye kidhibiti chaji, ikiwekwa mbali na kivuli cha migomba, hurudisha ampea-saa 2 hadi 3 kwa saa nne za jua zuri.

Ikishakufa, busti huifufua. Kwenye Prius nyingi betri iko ndani ya buti, nalo hufunguka kwa umeme. Kwa hiyo fungua boneti, tafuta ncha ya chanya ndani ya sanduku la fyuzi, na hasi ishike chuma kitupu. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Wala usikubali gari lako limbusti jirani mwenye gari la petroli: starta yake huvuta mamia ya ampea, na betri saidizi haikuundwa kuzungusha injini.