Shajara ya Mitambo na Jinsi Vifundo Vyake Vinavyotajwa

Watu wa mwambao tangu kale humtambulisha mtu kwa nasaba yake, kwani akina Salim ni wengi katika mji mmoja, lakini akitajwa Salim bin Hamed bin Said msikilizaji huufuata ukoo hatua kwa hatua hata akamfikia mwenyewe bila ya kumkosea. Mafundi wa kompyuta nao, walipohitaji kukitaja kila chombo kilichomo ndani ya mashine, waliishika njia iyo hiyo ya ukoo. Na tarikhi ya jambo hili yastahili kuhifadhiwa.

Kompyuta inapowashwa, ya kwanza kuamka ni programu dhibiti, iliyowekwa na mtengenezaji wa ubao; kisha ndipo huja mfumo wa uendeshaji, ulioandikwa na watu wengine, mahali pengine, aghalabu miaka kadhaa kabla au baada. Kwa kuwa waandishi wa pande mbili hizi huenda wasionane maishani, hapana budi programu dhibiti iuachie mfumo hati, mfano wa wasia, yenye kubainisha vyombo vilivyopo na uhusiano wao.

Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliitoa hati ya namna hiyo katika SPARCstation 1 mwaka 1989, kwa programu dhibiti ya OpenBoot, kazi ya Mitch Bradley, iliyojengwa juu ya lugha ya Forth. Na mwaka 1994 utaratibu huo ukawa kanuni rasmi, IEEE 1275, ukafuatwa na Apple na IBM. Vyombo vilipangwa kama shajara: shina moja, chini yake wazazi na wana, kila kifundo na jina lake, aghalabu likifuatwa na alama ya @ na anwani, hata njia kamili kutoka shinani ikawa ndiyo nasaba ya chombo.

Lakini nasaba peke yake haikutosha, maana waya za ukatizaji, ambazo kwazo chombo huiita prosesa, hazifuati ukoo siku zote: chombo chaweza kuwa na mzazi mmoja katika shajara na mlezi mwingine wa kuzipokea ishara zake. Ndipo kifundo kilipopewa nambari yake, iitwayo phandle, na kifundo kingine kikaweza kumtaja mlezi wake kwa nambari hiyo. Linux ya prosesa za PowerPC ilipoifanya shajara kuwa faili bapa mwaka 2005, kwa juhudi za Benjamin Herrenschmidt na wenziwe, nambari hizo zilibaki. Mwandishi huandika lebo yenye kueleweka, na mkusanyaji wa programu huigeuza kuwa tarakimu, na lebo kwa kawaida hupotea.

Upande wa pili, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni nyingine ya kubainisha vyombo, iitwayo ACPI, mnamo Desemba 1996. Humo kila jina ni la herufi nne kamili, lililo fupi likijazwa kwa mistari ya chini, kama _SB ya \_SB.PCI0 inavyohifadhiwa _SB_, na shajara hii haisomwi mpaka kwanza msimbo wake, uitwao AML, utafsiriwe na programu ya mfumo. Hapo pana uzito, kwani yako majedwali mengine ambayo mfumo hulazimika kuyasoma kabla ya tafsiri hiyo. Jedwali la MADT, kwa mfano, haliitaji prosesa kwa njia yake, bali kwa nambari ya utambulisho, ambayo baadaye hulinganishwa na ile iliyoandikwa shajarani.

Jedwali la IORT, lililotungwa na Arm, latumia namna mbili kwa pamoja. Chombo kisicho cha PCI huandikwa humo kwa njia yake nzima ya ACPI, herufi kwa herufi, lakini vifundo vya jedwali lenyewe hutajana kwa masafa, yaani idadi ya baiti. Na idadi hizo hazina mwanzo mmoja: orodha ya ulinganishi wa kifundo huhesabiwa kutoka mwanzo wa kifundo chenyewe, ilhali kifundo kinachoelekezewa huhesabiwa kutoka mwanzo wa jedwali zima. Asiyeambiwa tofauti hii atahesabu vema kabisa na bado aangukie pasipo, na kifundo kimoja kikiongezwa katikati, hesabu za vyote vilivyo nyuma yake hubadilika.

Kwa rai yangu njia iliyoandikwa kwa majina ndiyo bora kwa binadamu, ingawa ni ndefu, maana ikikosewa kosa lake huonekana kwa macho. Nambari iliyokosewa hufanana na iliyo sahihi. Kwa hiyo anayeandika maelezo ya jedwali aseme wazi, kwa kila rejeo, kama ni jina, nambari au masafa, na kama ni masafa, yanaanzia wapi.

Msomaji mwenye kompyuta ya Linux aifungue saraka ya /sys/firmware, ambako, kwa kadiri ya mashine yake, atakuta ama majedwali ya ACPI ama shajara nzima, kila kifundo saraka ndani ya saraka ya mzazi wake.