Kufika na Kupokewa: Mahafali Wakati wa UVIKO-19, Tabora na Njia ya Kale ya Misafara

Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na za sekondari, na tarehe 18 Machi agizo hilo likavihusu pia vyuo na vyuo vikuu. Kwa Tabora, agizo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Mji huo una shule kongwe za bweni, vyuo vya ualimu na vya utumishi, pamoja na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Wanafunzi walioondoka wiki ile walirejea Urambo, Kaliua, Sikonge, Nzega na Igunga, na wengine mbali zaidi kwa njia ya reli kuelekea Kigoma, Mwanza na Mpanda.

Mambo mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu masomo yaliyopotea katika miezi ile. Jambo lililozungumzwa kwa uchache ni mahafali. Insha hii inajadili yaliyoipata sherehe ya kuhitimu katika Tabora, ikilinganisha hali hiyo na yaliyotokea Nairobi na Kampala, ambako sherehe zilihamishiwa mtandaoni. Hoja inayotetewa ni kwamba mahafali yana sehemu mbili zinazoweza kutenganishwa: tendo la kisheria la kutunuku, na tendo la jamii la kumpokea aliyefika. Gonjwa lilizitenganisha sehemu hizo. Ili kuelewa uzito wa sehemu ya pili, inafaa kuanza na njia ya misafara yenyewe, kwa kuwa katika Unyamwezi desturi ya kumpokea mtu aliyemaliza safari ngumu ni ya kale kuliko shule.

Safari ya pwani na heshima ya kurejea

Katika karne ya 19 Tabora, iliyokuwa katika utemi wa Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, kisha ikagawanyika kuelekea Ujiji upande wa magharibi na Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwezi Juni 1857, walifika Kaze, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, yaani baada ya zaidi ya miezi minne. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda kwa kasi zaidi, lakini hata kwao safari ilikuwa ya kiu, njaa, hongo na mizigo mizito ya pembe begani.

Wasafiri wa wakati huo waliandika kwamba kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani haikuwa ajira tu. Kijana ambaye hajawahi kwenda alionekana bado hajakomaa. Aliyekwenda na kurudi alipata bidhaa za kuolea, lakini alipata pia hadhi: alikuwa ameiona bahari, amejua lugha ya pwani, na neno lake lilisikilizwa barazani. Kwa sababu hiyo msafara haukuingia mjini kimyakimya. Ulisimama kwanza karibu na mji, watu wakajisafisha na kuvaa nguo zao bora walizozitunza kwa ajili ya siku hiyo. Kisha kirangozi akatangulia na bendera, ngoma zikapigwa, bunduki zikalia, na watu wakatoka nje kuwalaki.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika desturi hiyo. Kwanza, malipo na mapokezi vilikuwa vitu tofauti. Mpagazi angeweza kulipwa nguo na shanga zake bila ngoma yoyote. Pili, mapokezi yalihitaji mashahidi. Hadhi mpya ya kijana ilithibitika kwa sababu jamaa na majirani walimwona akiingia, na siku nyingine wangeweza kushuhudia kwamba walikuwapo.

Ugonjwa njiani

Njia iliyoleta nguo na chumvi ilileta pia ndui na kipindupindu. Burton alikutana na msafara uliokuwa umepoteza watu wengi kwa ndui ulipokuwa ukiteremka kuelekea pwani. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja wakati kipindupindu kilipoingia kisiwani mwishoni mwa mwaka 1869, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichofuatilia namna ugonjwa huo ulivyosafiri kwa njia za biashara, kutoka bara hadi Pangani na kuvuka bahari hadi Unguja. Kwake, ramani ya misafara ilikuwa ndiyo ramani ya ugonjwa.

Wakati wa maradhi, desturi ya mapokezi ilivunjika. Mpagazi aliyeshikwa na ndui aliachwa nyuma, mara nyingi porini, kwa sababu wenzake walimwogopa na hakuna aliyeweza kubeba mizigo miwili. Msafara wenye wagonjwa haukukaribishwa vijijini. Watu waliokuwa wametembea miezi kadhaa wakitazamia kuingia kwa ngoma walifika nyumbani kama wakimbizi. Hofu ya 2020 haikuwa mgeni katika ardhi hiyo, na wala swali lililoambatana nayo halikuwa jipya: afanyiwe nini mtu aliyemaliza safari yake wakati ambapo kukusanyika ni hatari?

Tabora, mji wa shule

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na baada ya hapo upagazi wa njia ndefu ukafifia. Serikali ya Kiingereza ilipofungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920, ikikusudia hasa watoto wa watemi, mji ulipata aina mpya ya safari. Vijana walitoka mbali kuja kutafuta cheti, wakarudi kwao wakiwa watu wengine. Julius Nyerere aliingia shule hiyo mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, kisha akarejea Tabora kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria hadi 1949 alipokwenda Edinburgh. Tarehe 28 Juni 1963 mtu huyohuyo alisimikwa kuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, taasisi iliyoviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Majoho na maandamano ya kitaaluma vilitoka Ulaya, lakini havikubaki vya Ulaya. Katika mahafali ya Tanzania mhitimu hupokewa kwa vigelegele, huvishwa mashada ya maua na kufungwa khanga juu ya joho. Ukoo hukodi gari au hupanda treni, na baadaye hufanyika karamu nyumbani, ambapo wazee husimama na kunena. Mzazi aliyeuza tumbaku, asali au ng'ombe ili kulipa ada hupata siku hiyo hesabu ya jasho lake mbele ya watu. Hapa sehemu ya kupokewa huzidi sehemu ya kutunukiwa. Maneno ya Mkuu wa Chuo ya kutunuku shahada huchukua dakika chache, na wahitimu wa kundi zima husimama na kutunukiwa kwa pamoja. Saa zilizosalia ni za jamii.

Mahafali yaliyopotea na yaliyosalia

Je, mahafali gani yalipotea Tabora? Jibu linategemea kalenda. Vyuo vikuu vingi vya Tanzania hufanya mahafali kati ya Oktoba na Desemba. Vyuo vilifungwa Machi, vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020, na ratiba zikapangwa upya ili kufidia wiki zilizopotea. Kufungwa huko kuliangukia kati ya msimu mmoja wa mahafali na mwingine. Mwezi Juni Rais John Magufuli alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nchi imeondokewa na ugonjwa, na msimu wa mwisho wa mwaka ukakuta mikusanyiko ya hadhara imeruhusiwa. Kwa hiyo Tanzania haikulazimika kuhamishia mahafali ya vyuo vikuu mtandaoni kwa kiasi ilivyokuwa kwa jirani zake.

Hali ya kidato cha sita ilikuwa tofauti. Katika shule za sekondari za juu, mahafali hufanyika kabla ya mtihani wa taifa, ambao kwa kawaida huanza mapema Mei. Aprili na Mei 2020 mabweni yalikuwa matupu. Wanafunzi wa kidato cha sita waliitwa tena tarehe 1 Juni, na mtihani ukaanza tarehe 29 Juni. Wiki nne hizo zilikuwa za kurudia masomo. Siku ambayo wazazi huja shuleni, risala ikasomwa na vyeti vikatolewa, haikuwa na nafasi katika wakati wake wa kawaida. Katika mji wenye shule za Tabora Wavulana, Tabora Wasichana na Milambo, pengo hilo halikuwa dogo. Kwa wanafunzi ambao hawakuendelea na masomo, hiyo ndiyo ingekuwa sherehe yao ya mwisho ya kuhitimu. Ni kweli cheti cha mtihani kilipatikana baadaye na ajira iliombwa kwacho. Kilichokosekana ni ile siku ya kuonekana.

Nairobi na Kampala: kutunuku bila kukusanyika

Kenya na Uganda zilifuata njia nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya mahafali yake ya 63 tarehe 25 Septemba 2020 kwa njia ya mtandao. Viongozi wachache walikutana, majina yakasomwa, na wahitimu wakafuatilia kwenye simu na kompyuta. Makerere, ambako mahafali yalikuwa yakifanyika Januari, ilisogeza mahafali yake ya 71 hadi Mei 2021, yakafanyika kwa siku kadhaa, wahitimu walio wengi wakiyafuata kwa mbali.

Kisheria hapakuwa na dosari. Vyuo vikuu tangu zamani vina utaratibu wa kumtunuku mhitimu asiyehudhuria, na shahada yake ni sawa na ya aliyevaa joho. Mtandao ulipanua tu utaratibu huo, ukawafanya karibu wahitimu wote kuwa watu wasiohudhuria. Aidha, ulikuwa na manufaa yake: ndugu aliyeko Muscat au Toronto aliweza kushuhudia jambo ambalo nauli ingemnyima. Lakini manufaa hayo yalimfikia mwenye mtandao wa kasi na fedha za vifurushi. Kwa mkulima wa Sikonge au Kaliua, kutazama picha za video kwa saa nne si jambo jepesi, na bibi aliyezoea kupiga vigelegele hana la kufanya mbele ya kioo cha simu. Kama vyuo vya magharibi mwa Tanzania vingefuata mfano huo, sehemu ya kutunukiwa ingetimia, na sehemu ya kupokewa ingebaki kwa wachache.

Gharama isiyoandikwa

Hata hivyo haifai kuhitimisha kwamba Tanzania ilishinda kwa kuinusuru sherehe. Takwimu za taifa za UVIKO-19 zilikoma kutangazwa mwaka 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mahafali ya mwisho wa mwaka huo yalifanyika bila hesabu ya hadhara ya maambukizi. Januari 2021 maaskofu Wakatoliki waliwaonya waumini kuhusu wimbi jipya la ugonjwa. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliunda kamati ya wataalamu mwezi Aprili 2021, na chanjo ikazinduliwa tarehe 28 Julai mwaka huo. Hivyo Nairobi na Kampala zinaweza kuonyesha sherehe iliyopunguzwa pamoja na hesabu ya ugonjwa, ilhali Tanzania inaonyesha sherehe kamili pasipo hesabu. Mwanahistoria hana haki ya kudai kwamba mikusanyiko ile ilidhuru watu wengi, wala kwamba haikudhuru mtu.

Hapa ulinganisho na misafara unafundisha jambo moja la ziada. Ndui ya karne ya 19 inajulikana kwa sababu waliopita njiani waliandika walichokiona, na Christie aliuliza mabaharia na wafanyabiashara hadi akapata mwelekeo wa ugonjwa. Wapagazi walioachwa porini hawakuandikwa majina. Hadhi waliyoitafuta pwani ilipotea pamoja na habari zao.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba katika Tabora gonjwa la UVIKO-19 halikuathiri mahafali yote kwa namna moja. Kalenda na msimamo wa Serikali viliyanusuru mahafali ya vyuo vikuu, wakati yale ya kidato cha sita yalikosa wakati wake mwaka 2020. Kenya na Uganda zililinda afya kwa kutenganisha kutunuku na kupokea. Desturi ya njia ya misafara inaeleza kwa nini utenganisho huo huumiza: katika magharibi mwa Tanzania mtu aliyemaliza safari hajafika kikamilifu mpaka watu wake watoke nje kumlaki.

Kutokana na hayo, inafaa shule na vyuo vya Tabora vihifadhi nyaraka za mwaka 2020 kwa uangalifu uleule unaotumika kuhifadhi matokeo ya mitihani: ratiba zilizofutwa, barua kwa wazazi, orodha za wahitimu na risala ambazo hazikusomwa. Pia hakuna kanuni inayozuia shule kuwaita wahitimu wa mwaka huo katika mahafali yajayo, majina yao yakasomwa na wazazi wao wakawapo. Wapo wazazi waliokwisha kufariki tangu wakati ule, na kwa hao muda umekwisha. Kwa waliosalia, msafara bado uko nje ya mji.