Bundi Mdogo wa Sokoke
Bundi mdogo wa Sokoke (*Otus ireneae*) ni ndege wa usiku mwenye urefu wa sentimita 16 hadi 18 na uzito wa gramu 50 hivi. Sayansi ilimtambua mwaka 1966, kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Baadaye alipatikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, hata ndani ya msitu mmoja. Mchana hujibanza vichakani, mara nyingi wawili wawili, manyoya ya masikio yamesimama, na mtu anaweza kumpita karibu asimwone. Hula wadudu. Wengi humwita bundi uchuro, lakini hatari ya kweli ni shoka: msitu wake ukikatwa, hana pengine pa kwenda.