Gurudumu la Tano Mlimani

Mtu akishanunua pikapu, haichukui muda kabla hajaanza kuota trela. Anaiona Hilux yake ikivuta tenki la maji kwenda shamba la Kieni, au ikivuta ng'ombe wawili wa maziwa waliotoka mnadani, au ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Wamarekani wa YouTube hulala ndani yake. Halafu anakutana na msamiati mpya. Kuna ndoano ya mpira inayofungwa chini ya bampa, na kuna ule mtambo mzito unaofungwa ndani ya bodi yenyewe, juu ya ekseli ya nyuma, unaoitwa gurudumu la tano. Anauliza bei, na bei atapewa hapo hapo. Swali ambalo fundi hataulizwa ni kwa nini huku mlimani, ambako kila kitu kina safari, viazi, kabichi, majani chai, miraa, hatukujenga desturi ya kuvuta. Sisi tunabeba.

Jina lenyewe lina umri kuliko gari. Zamani za mikokoteni ya farasi, kati ya ekseli ya mbele na sakafu ya mkokoteni palilazwa duara la chuma ili ekseli iweze kugeuka bila kupindua mzigo. Magurudumu manne yalisimama ardhini, la tano lililala. Mwaka 1914, mhunzi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao trela ya kubebea mashua, ivutwe na Ford. Trela hiyo haikuwa na magurudumu ya mbele, kichwa chake kililalia gari. Kutoka kwa wazo hilo ndipo yalipozaliwa malori marefu unayoyaona yakipita Nanyuki usiku kuelekea Isiolo, Marsabit na Moyale.

Mlima Kenya una pande mbili za kubeba, na mpaka wake unauona ukitoka Nyeri kwenda Naro Moru. Upande wa kusini ni migongo. Mito inashuka kutoka Nyandarua na kutoka mlimani, na kati ya kila mto na mwenzake kuna mgongo mwembamba wa ardhi. Ukitaka kwenda kwa jirani wa mgongo wa pili unateremka, unavuka, unapanda. Hiyo ndiyo Othaya, Tetu, Mukurwe-ini. Ukifika Kieni ardhi inajinyoosha ghafla, na kutoka hapo hadi Laikipia ni uwanda.

Wazungu walipoweka kambi Nyeri mwishoni mwa 1902, walikuta migongo hiyo tayari ina mfumo wake wa usafirishaji. Ulikuwa ni mwanamke, na ulikuwa na kiunganishi chake: mukwa, mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni. Ukiuangalia kwa jicho la fundi, mukwa unafanya kile kile gurudumu la tano linachofanya. Unasogeza uzito kutoka nyuma na kuuleta juu ya mhimili, yaani uti wa mgongo na miguu, ili mzigo usikuyumbishe kwenye mteremko. Tofauti ni kwamba mhimili wenyewe ulikuwa shingo ya mtu. Wazee wetu wa kike wengi walizeeka na alama ya mkanda huo kwenye paji la uso, na sijawahi kuona jumba la makumbusho likiiweka alama hiyo karibu na gari la ng'ombe kama teknolojia ya enzi moja.

Uwandani walikuja walowezi, hasa askari waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Gari kama hilo lilihitaji jozi baada ya jozi za maksai, mnyororo mrefu, na nafasi ya kugeuka. Nafasi walikuwa nayo, kwa sababu walikuwa wameitwaa. Kwenye migongo, mkulima aliyesongamanishwa kwenye eneo la akiba hakuwa na pa kugeuza hata maksai wanne. Halafu vita hivyo hivyo vilikuwa vimewachukua vijana wa huku kuwa wapagazi wa jeshi, kwenye kikosi kilichowaachia Wanairobi jina la Kariokor. Jeshi lilipokosa nyama ya kuvuta, kwa sababu ndorobo waliua wanyama wa mizigo Tanganyika, lilitumia mabega.

Reli ilibadilisha kidogo. Ilikuwa imefika Thika 1913, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 ilikuwa Nanyuki. Angalia tu ramani yake: inapita Karatina, inagusa Kiganjo, inaenda Naro Moru. Mji wa Nyeri wenyewe imeuacha pembeni. Mabehewa yaliwafuata wenye ngano na ng'ombe wa uwandani, na mkulima wa migongoni alifika stesheni akiwa bado amebeba. Wakati wa Vita vya Pili, Karatina ilipata kiwanda cha kukausha mboga za kulishia wanajeshi. Wakulima wakalima kwa nguvu, wakazoea soko la uhakika. Vita vikaisha, kiwanda kikafungwa, na hasira ya kufungwa kwake iliingia kwenye kapu la hasira zilizotangulia Mau Mau.

Wanajeshi Waafrika waliorudi walikuwa wamejifunza udereva. Baadhi yao walinunua malori na kuingia biashara ya usafiri, na hapo ndipo naona mwanzo wa hadithi ya pikapu yetu: mtu mweusi mwenye gari lake la mzigo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, kuwa na gari peke yake hakukutosha. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji pasi kusogea. Gari likawa na injini na halina ruhusa.

Baada ya uhuru ikaja Peugeot. Hapa nitakaa kidogo, samahani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na hakuna tangazo lililoweza kushinda matope ya Safari. Pikapu ya 404, na baadaye 504, ikawa gari la mwenye duka, la chama cha ushirika, la mwenye matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, na jina lilikuwa tayari limeshika kutokana na nauli ya senti kumi tatu. Nyingi zilikuwa pikapu tu zilizofungwa kibanda na mabenchi mawili ya kutazamana. Abiria walikaa ndani, magunia yakakaa juu. Fundi alipoambiwa gari linalemewa, dawa ilikuwa moja: ongeza springi. Hakuna aliyesema "fungua mzigo, uweke kwenye trela." Trela ingefanya nini kwenye kona za Othaya zikiwa zimelowa?

Kule Maua nako, miraa iliamua yenyewe. Ikikatwa asubuhi, kila saa inayopita inaila thamani. Hilux ikajazwa, ikafungwa turubai, dereva akaambiwa Nairobi, na wote mnajua mbio zile. Mwendo ule na trela nyuma ni kujiua mara mbili. Uingereza ilipoipiga miraa marufuku mwaka 2014, zilizopungua zilikuwa safari. Namna ya kubeba haikubadilika.

Sasa turudi kwa huyo wa D-Max, maana swali lake ni halali. Namba ya kuangalia si ile ya kuvuta ambayo muuzaji atamtajia kwanza, tani tatu na nusu. Ni ile ya kubeba. Trela ya gurudumu la tano hulaza kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake juu ya bodi. Kwa trela ya tani tatu, hiyo ni kilo 450 hadi 750. Pikapu ya kawaida hubeba kama tani moja, na ndani ya tani hiyo utoe dereva, abiria wanne wa double cab, mafuta ya akiba na chuma cha mtambo wenyewe. Zimebaki ngapi? Tena bodi ya double cab ni fupi, mita moja na nusu hivi. Ukikata kona kali, pembe ya trela inakuja moja kwa moja kwenye kioo cha kebini. Wamarekani wana mtambo unaoteleza nyuma wakati wa kugeuka, lakini pikapu zao ni mnyama mwingine kabisa. Kwa Hilux ya Nyeri, ndoano ya kawaida iliyofungwa kwenye chesisi, si kwenye bampa, na trela nyepesi yenye breki zake na namba yake inayoanza na Z, inatosha. Uzito unaolalia ndoano hiyo uwe asilimia 10 hadi 15. Ukipungua, trela itacheza ngoma nyuma yako ukiteremka Sagana.

Barabara pana ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, imeleta unyoofu ambao migongo haikuwahi kuujua, na huenda siku moja trela ndogo zikawa kitu cha kawaida juu yake. Ila ukiiacha barabara hiyo na kupanda kuelekea vituo vya majani chai vinavyolisha kiwanda cha Ragati, kilichoanza 1957, utamkuta mama na kikapu chake. Anakiteremsha, kinapimwa, anaandikiwa kilo zake. Lori linachukua kutoka hapo. Kutoka shambani hadi hapo, bado ni yeye.