Kanuni ya Kuuza na Msimu Mbaya: Historia ya Hatari ya Bei katika Zao la Korosho, Nakapanya, 1973–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna hatari ya kushuka kwa bei ya korosho ilivyohamishwa baina ya mkulima, mfanyabiashara, chama cha ushirika na serikali, kwa kuitazama kata ya Nakapanya, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, ndani ya historia ya ukanda wa korosho wa kusini mwa Tanzania. Kipimo kinachotumika kimeazimwa kutoka kwa wafanyabiashara wa mikataba ya baadaye wanaonunua na kuuza kwa kanuni zilizojaribiwa. Hoja kuu ni kwamba mifumo ya uuzaji ilihukumiwa kwa misimu mizuri, ilhali thamani ya kanuni hujulikana katika msimu mbaya, kwa kumtazama anayelipa hasara.

1.0 Utangulizi

Nakapanya ipo kandokando ya barabara itokayo Songea na Tunduru kuelekea Masasi na Mtwara. Mkulima wa korosho wa hapa hufanya biashara moja kubwa kwa mwaka. Katikati ya mwaka hununua salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, hulipa vibarua wa palizi, na pengine hukopa. Bei haijulikani mpaka minada ianze, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Kwa miezi kadhaa, basi, amekwisha kutoa fedha kwa ajili ya mali ambayo haijui bei yake. Kwa lugha ya soko, tayari yumo ndani ya biashara. Na kwa kuwa mkorosho huzaa kwa miongo mingi, hawezi kujitoa kila bei inapoyumba.

Mjadala wa korosho nchini umezoea kuuliza kama bei ya msimu ni nzuri au mbaya. Makala haya yanauliza swali tofauti: bei inaposhuka, hasara humwangukia nani, na je, jambo hilo lilipimwa kabla ya kanuni kuwekwa?

2.0 Kipimo Kilichoazimwa

Mkataba wa baadaye ni makubaliano ya kuuza au kununua bidhaa katika tarehe ijayo kwa bei iliyopatanwa leo. Chicago Board of Trade, soko lililoanzishwa mwaka 1848, liliweka mikataba ya nafaka yenye viwango sawa pamoja na amana ya dhamana mwaka 1865. Baadaye walijitokeza wafanyabiashara walioacha kutegemea hisia na kufuata kanuni zilizoandikwa. Richard Donchian, aliyeanzisha mfuko wa uwekezaji katika mikataba hiyo mwaka 1949, ni miongoni mwa waliotangulia. Mwaka 1983 Richard Dennis na William Eckhardt waliwafundisha wanafunzi wao kanuni kamili za kuingia sokoni, kutoka, na kupanga ukubwa wa kila biashara, hasara ya biashara moja ikiwekewa kikomo cha takriban asilimia 2 ya mtaji.

Kutokana na mapokeo hayo, makala haya yanachukua masharti manne. Kwanza, kanuni ijaribiwe kwa kumbukumbu za miaka ambayo haikutumika kuiunda. Pili, gharama zote zihesabiwe. Tatu, wastani wa faida usitazamwe peke yake bila mporomoko mkubwa kuliko yote. Nne, ukubwa wa biashara upangwe kabla, ili hasara moja isimfilisi mwenye mali.

Masharti haya hayahamishiki Nakapanya kama yalivyo. Kikomo cha asilimia 2 kina maana kwa mtu mwenye biashara nyingi kwa mwaka. Mwenye moja tu hawezi kukitumia. Aidha, korosho ghafi haina soko kubwa la mikataba ya baadaye linaloweza kulinganishwa na masoko ya kahawa ya New York na London. Kinachoazimwa hapa ni nidhamu ya kuuliza, si chombo chenyewe.

3.0 Bei ya Serikali na Kangomba

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho. Mamlaka ya Korosho Tanzania (CATA) ilianzishwa wakati huo, na baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976 mkulima alibaki na mnunuzi mmoja na bei moja iliyotangazwa. Kanuni hiyo ilimkinga dhidi ya kuyumba kwa bei ndani ya msimu. Hata hivyo, kufikia 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Uhamishaji wa watu katika Operesheni Vijiji uliwatenga wakulima na mikorosho yao, bei ndogo iliwavunja moyo wa kuitunza, na ubwiriunga ukashambulia maua.

Funzo la kipindi hiki ni kwamba hatari ya bei na hatari ya mavuno ni vitu viwili. Mkulima aliyejifunga kuuza kiasi maalumu kwa bei maalumu, kisha mavuno yakaharibika, hubaki na deni la mali asiyokuwa nayo. Jaribio lolote linalopima bei peke yake litaupitisha mfumo ambao ungeanguka katika miaka hiyo.

Upande wa pili ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla ya mavuno na kwa kipimo kisicho halali. Kwa umbo lake, kangomba ni mkataba wa mbele: mkulima hupata fedha wakati wa njaa, mnunuzi hupata korosho wakati wa mavuno, na hatari ya kushuka kwa bei humhamia mnunuzi. Kuilaani bila kuliona hilo ni kukosa kueleza kwa nini imedumu licha ya kupigwa marufuku. Ubaya wake ni bei ya kinga hiyo. Mkulima huilipia mara mbili, kwanza kwa bei ndogo, pili kwa kipimo kinachozidi. Na kwa kuwa hakuna maandishi, hawezi kujua msimu hadi msimu kinga hiyo imemgharimu kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4.0 Stakabadhi Ghalani na Jaribio la 2012/13

Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilifungua njia ya mfumo ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, kisha ukaenea. Mkulima alipeleka korosho kwenye chama cha msingi (AMCOS). Chama kilikopa benki kwa dhamana ya mali iliyo ghalani na kumlipa malipo ya awali kwa kuzingatia bei dira. Malipo ya pili yalifuata baada ya mnada. Katika misimu ya mwanzo bei ya dunia ilipanda hadi kilele cha mwaka 2011, na mfumo ukaonekana kuthibitika. Kwa sharti la kwanza la kipimo chetu, haukuwa umethibitika: ulikuwa umejaribiwa kwa misimu mitano tu, chini ya soko lenye mwelekeo mmoja.

Msimu wa 2012/13 bei ilishuka. Wakulima waliokwisha kulipwa shilingi 600 kwa kilo walitarajia 600 nyingine, walipewa 200. Aprili 2013 ghasia zililipuka Liwale, mkoani Lindi, na nyumba zikachomwa, zikiwamo za viongozi wa ushirika.

Hesabu inaonyesha kwa nini mshtuko ulikuwa mkubwa kuliko mteremko wa bei. Kwa mfano tu, tuchukulie kwamba gharama za usafiri, ghala, magunia, ushuru na riba ni shilingi 300 kwa kilo. Mnada ukifika 1,500, baada ya kutoa mkopo wa 600 na gharama 300, malipo ya pili ni 600. Mnada ukishuka hadi 1,100, malipo ya pili ni 200. Bei imeshuka kwa asilimia 27, malipo ya pili kwa asilimia 67. Benki hulipwa kwanza, mwenye ghala hulipwa kwanza, na mkulima huchukua kinachobaki. Kwa maneno mengine, mkulima alifanya biashara ya mkopo bila kuambiwa hivyo. Swali la mporomoko mkubwa lingeulizwa mwaka 2007, udhaifu huu ungeonekana kwenye karatasi kabla ya kuonekana Liwale.

5.0 Msimu wa 2018/19: Serikali Yabeba Hatari

Baadaye malipo ya awamu yaliachwa, na mkulima akawa analipwa mara moja baada ya mnada. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulizidi tani 313,000 na bei katika baadhi ya minada ikapita shilingi 4,000. Katikati ya mwaka 2018, Sheria ya Fedha iliondoa utaratibu wa kurejesha asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi katika kuendeleza zao. Akiba iliondolewa msimu mmoja kabla ya kuhitajika.

Oktoba 2018 wanunuzi walitoa bei zilizo chini ya shilingi 3,000, na wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisaidia kuzisomba. Hatari ya bei iliondoka kwa mkulima na kuingia hazina ya taifa kwa siku moja. Serikali ikajikuta na zaidi ya tani 200,000 bila mnunuzi wa uhakika. Mkataba uliotiwa saini Januari 2019 na kampuni ya Kenya ya Indo Power Solutions kwa tani 100,000 ulivunjwa miezi michache baadaye.

Bei ya 3,300 ilikuwa bora kuliko ya soko. Lakini uhakiki wa wakulima, uliokusudiwa kuwaengua walanguzi wa kangomba, uliwachelewesha wengi kwa miezi. Mkulima anayehitaji salfa mwezi Mei hali bei; hula fedha iliyofika. Hatari ya bei iligeuzwa kuwa hatari ya muda, na ya pili ilibaki kwake.

6.0 Hitimisho

Historia hii haionyeshi mfumo uliofuta hatari. Inaonyesha mifumo iliyoihamisha. CATA iliificha ndani ya bei ndogo, kangomba iliiuza kwa bei ghali, stakabadhi ghalani iliiongeza kwa mkopo, na mwaka 2018 serikali iliibeba bila kupanga njia ya kuitua.

Sasa kwa kuwa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) limeingia katika minada ya mazao, pendekezo la mikataba ya baadaye ya korosho linaweza kufuata. Uzoefu wa kahawa unafundisha jambo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama cha KNCU cha Kilimanjaro, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kilijaribu kununua haki ya kuuza kwa bei ya chini iliyopangwa, bila wajibu wa kuuza. Umbo hilo linamfaa zaidi mtu ambaye mavuno yake hayana uhakika, ingawa haki hiyo hulipiwa.

Makala haya yanapendekeza kwamba kanuni yoyote mpya, kabla ya kufikishwa Nakapanya, ipitishwe kwenye misimu mitatu: 1986/87 ya mavuno kuanguka, 2012/13 ya bei kushuka juu ya mkopo, na 2018/19 ya malipo kuchelewa. Misimu mitatu haitoshi kwa takwimu; inatosha kuonyesha nani atalipa. Madaftari ya AMCOS, yenye kilo, tarehe za malipo na makato ya kila mwanachama, ndiyo ghala la ushahidi huo, na kuyahifadhi ni kazi ya kwanza ya usimamizi wa hatari.